Pampu Moja, Majibu Matatu: Hotuba kwa Wanafunzi wa Mwaka wa Kwanza wa Uhandisi, Unguja

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi mliokuja kuwasindikiza watoto wenu, na nyinyi wanafunzi wa mwaka wa kwanza, Asalaam aleikum.

Nimeombwa nizungumzie masomo mawili ambayo kwenye ratiba yenu yamepangiwa siku tofauti, vyumba tofauti na walimu tofauti, nayo ni hisabati ya msingi na misingi ya umeme. Kila mwaka, ifikapo wiki ya tatu au ya nne, wanafunzi hunijia mlangoni na lalamiko lile lile, kwamba wao wamekuja kusoma umeme, na kwamba hizi namba changamano, matriki na pembe ni mzigo waliotwishwa njiani. Sitawajibu kwa kusema kwamba hisabati ni muhimu, kwa sababu hilo mmeambiwa tangu siku ya kwanza ya skuli na sijamwona aliyefaulu mtihani kwa kuambiwa hivyo. Nitawapa kisa cha pampu moja ya maji, ambayo mimi mwenyewe niliiunguza mara mbili, kisha tuipigie hesabu pamoja.

Nilikuwa kijana mwenye cheti cha ufundi na begi la zana, nikaitwa kwenye kijiji cha Donge, kwa mzee mmoja aliyekuwa akilima tungule na bilingani. Kisima chake kilikuwa bondeni, mita 150 kutoka kwenye nyumba yenye mita ya umeme. Nilivuta waya wa mbili na nusu, yaani wenye milimita za mraba 2.5, kwa kuwa ndio niliozoea kuufunga kwenye soketi za majumbani, nikaunganisha pampu ya fezi moja ya kilowati 1.1, na kinga ya joto, ile inayokata umeme mota ikipata joto kupita kiasi, sikuifunga kwa sababu niliona ni gharama ya bure. Asubuhi tulipoiwasha ilivuta maji bila taabu, mzee akanilipa, nikarudi mjini. Wiki haikwisha akaniita. Aliiwasha karibu na magharibi ili amwagilie, pampu ikanguruma pasi na kuzunguka, na punde ikatoa ile harufu ya vanishi inayoungua ambayo ukishaisikia mara moja huisahau. Mota ikapelekwa kusukwa upya, ikarudi, nikaifunga vile vile, ikafanya kazi siku nne, ikaungua tena, na tena ilikuwa jioni. Safari hii nilitangaza mbele ya watu kwamba pampu ile ni feki. Mzee alinitazama, akaniuliza kwa upole: "Fundi, mbona asubuhi si feki?"

Swali hilo lilikuwa la kihandisi kuliko maneno yote niliyokuwa nimeyasema tangu nifike, na sikuwa na jibu lake. Nilikuwa najua kufunga, sikuwa najua kukokotoa. Tufanye leo kile nilichopaswa kukifanya siku ile kabla ya kukata hata sentimita moja ya waya.

Tuanze na waya wenyewe. Shaba yenye urefu wa mita moja na unene wa milimita ya mraba moja ina ukinzani, yaani kiasi inavyouzuia umeme kupita, wa takriban omu 0.0172. Ukiwa na milimita za mraba 2.5 unagawa, unapata omu 0.0069 kwa kila mita. Sasa, kisima kiko mita 150, lakini mkondo wa umeme huenda na kurudi, kwa hiyo waya wenye kukinza ni mita 300, na jumla ni omu 2.06. Hapa pekee, kila mwaka, sehemu kubwa ya darasa huandika nusu ya jibu, na kosa hilo halitokani na kutojua kuzidisha. Linatokana na kutochora mchoro. Pampu ikishashika mwendo hula ampea 8 hivi, na kwa kanuni aliyoitoa mwalimu Mjerumani Georg Ohm mwaka 1827, waya utameza volti 16.5 na kuiachia pampu volti 213 na ushei. Kwa volti hizo pampu inaishi vizuri. Kwa hiyo mtu aliyekokotoa mwendo wa kawaida tu angeniunga mkono, angesema waya unatosha.

Tatizo liko kwenye kuanza. Mota iliyosimama huvuta mkondo mkubwa sana kabla haijashika kasi, na tuichukulie hii kwamba ikipewa volti 230 kamili huvuta ampea 48, mara sita ya kawaida yake. Jambo jingine la kulishika ni kwamba nguvu ya mota ya kuzungusha haipungui sawa na volti, bali hupungua kwa kipeo cha pili cha volti: ukiipa nusu ya volti inakupa robo ya nguvu. Na tuseme pampu ile, kwa kina cha kisima kile, ilihitaji nusu ya nguvu yake kamili ili ing'oke pale iliposimama.

Hesabu hii tuwape wanafunzi watatu. Mwanafunzi wa kwanza anajua kuzidisha na kutoa. Anachukua ampea 48, anazidisha kwa omu 2.06, anapata volti 99 zilizopotea njiani, anatoa kwenye 230, na kuandika kwamba mota imepata volti 131. Nguvu ya kuzungusha, kwa hesabu hiyo, ni kama theluthi moja. Pampu haiwaki. Mzee atamwambia: mbona asubuhi iliwaka?

Kosa la mwanafunzi huyu ni kwamba ampea 48 zinapatikana pale tu mota inapopewa volti 230, na yeye mwenyewe amekwisha kusema kwamba haizipati. Mkondo unategemea volti zinazofika, na volti zinazofika zinategemea mkondo. Kila kimoja kimeshika mkia wa mwenziwe. Hapo ndipo kuzidisha na kutoa kunapokwisha na aljebra inapoanza, kwa sababu aljebra ni namna ya kukipa jina kitu usichokijua ili uweze kukifanyia kazi kabla hujakijua. Neno lenyewe ni al-jabr, lililotoka kwa mwanahisabati Al-Khwarizmi wa Baghdad katika karne ya 9, na nyinyi mliokaa chuoni kwa maalim mnalitambua shina lake, maana ndilo lililomo ndani ya jina Al-Jabbar. Kwa Kiarabu kitenzi hicho hutumika hata kwa kuunga mfupa uliovunjika. Kilichopungua upande mmoja kinarudishwa mahali pake.

Mwanafunzi wa pili, basi, anasema: mota iliyosimama ni kama kikinzani cha omu 230 gawanya kwa 48, yaani 4.79. Anajumlisha na 2.06 za waya, anapata 6.85, anagawa 230 kwa 6.85, mkondo unakuwa ampea 33.6, na volti zinazofika kwenye mota ni 161. Nguvu ya kuzungusha ni asilimia 49. Ni kazi safi, na kwa saketi ya balbu na pasi ingekuwa kweli kabisa. Lakini asilimia 49 haifiki nusu, kwa hiyo naye, kwa unyenyekevu kidogo kuliko mwenzake, anasema pampu haiwaki asubuhi. Na asubuhi iliwaka, mimi nilikuwapo.

Ili tumwelewe mwanafunzi wa tatu, naomba tuondoke Donge tushuke pwani. Hakuna hapa asiyejua bamvua na maji mafu. Bahari yetu inavutwa na wawili: mwezi huinua maji kila baada ya saa 12 na dakika 25, na jua kila baada ya saa 12 kamili, nguvu ya jua ikiwa pungufu kidogo ya nusu ya ile ya mwezi. Tuuite mwezi 1 na jua 0.46. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu wawili hawa huinua pamoja na kushusha pamoja, unapata 1.46, nalo ndilo bamvua, maji yanayopanda mpaka kwenye ngazi na kupwa mpaka kina mama wakaenda mbali kutafuta chaza. Siku za mwezi nusu, jua linainua pale mwezi unaposhusha, inabaki 0.54, na mvuvi anakwambia maji yamekufa. Mwezi ni ule ule na jua ni lile lile. Kilichobadilika ni kama wanakwenda sambamba au la. Na siku zilizo katikati, wakati mmoja yuko kileleni na mwengine ndiyo kwanza anapita usawa wake, jumla yao si 1.46 wala 0.54, ni 1.10, na hiyo huipati kwa kujumlisha wala kwa kutoa. Unaipata kwa pembetatu, kwa kipeuo cha pili cha 1 jumlisha 0.46 mara 0.46, kanuni ile ile ya Pythagoras mliyoifanya skuli mkadhani ni ya mafundi wa nyumba.

Umeme wa soketini ni maji kujaa na kupwa mara 50 kwa sekunde. Badala ya saa 12 na dakika 25, wimbi moja linakwisha kwa milisekunde 20. Kwenye waya, volti na mkondo hupanda pamoja na kushuka pamoja. Kwenye koili, yaani waya uliozungushwa mizunguko mingi, na mota kwa sehemu kubwa ni koili, mkondo unachelewa: volti zikifika kileleni, mkondo hufika kileleni milisekunde 5 baadaye, robo ya wimbi. Kwa hiyo zile omu 4.79 za mota si kitu cha aina moja. Kwa mota ya namna hii iliyosimama, tuziweke kuwa omu 2.87 za ukinzani halisi na omu 3.83 za koili, na ukitaka kuhakiki, chukua kipeo cha pili cha kila moja, jumlisha, tafuta kipeuo, itarudi 4.79. Omu 2.06 za waya zinajumlishwa na zile 2.87 pekee, kwa sababu ndizo za jamii yake, na kuwa 4.93. Halafu unachukua pembetatu yenye pande 4.93 na 3.83, na upande wake mrefu ni 6.25. Si 6.85.

Gawa 230 kwa 6.25, mkondo ni ampea 36.8, na mota inapata volti 176. Nguvu ya kuzungusha ni asilimia 59. Hiyo ndiyo hesabu ya mwanafunzi wa tatu, na kwake pampu inawaka.

Sasa tulijibu swali la mzee. Jioni, watu wamerudi, majiko yamewashwa, kila nyumba ina taa na feni, na volti kwenye mita yake zilikuwa zikishuka hadi 205. Gawa 205 kwa 6.25, zidisha kwa 4.79, mota inapata 157. Nguvu ni asilimia 47. Haizunguki. (Kwa kweli hata zile 205 zilishuka zaidi pampu ilipovuta, lakini hilo nimeliacha makusudi, mtalirudia mwaka wa pili.) Na kwa kuwa haizunguki, mkondo haupungui, inabaki na ampea karibu 33 badala ya 8, mara nne na zaidi, na joto kwenye waya wa mota linakwenda kwa kipeo cha pili cha mkondo, kwa hiyo ni joto la karibu mara 17, ndani ya chombo ambacho hakizunguki hata kijipoze. Dakika chache zilitosha. Pampu haikuwa feki. Waya wa milimita za mraba 10 ungekuwa na ukinzani wa omu 0.52 tu, na jioni ile ile, kwa volti 205 zile zile, mota ingepata volti 192 na asilimia 70 ya nguvu yake. Niliufunga hatimaye, kwa gharama yangu, baada ya fundi mkubwa kunionyesha nyuma ya karatasi ya sigara hesabu ambayo nimewaonyesha sasa hivi.

Nataka mtazame kilichotokea. Wanafunzi wote watatu walikuwa na kipimo kile kile, waya ule ule na pampu ile ile. Wawili wa kwanza walifanya hesabu ambayo, kwa kiwango chao, haina kosa la kugawa wala la kuzidisha, na wote wawili wakaiona pampu ambayo haipo. Kujumlisha vitu visivyokwenda sambamba kana kwamba vinakwenda sambamba ndilo kosa linalopatikana kila mahali katika umeme wa soketini, na namba changamano zimeletwa kwenu kwa ajili ya hilo. Zile pande mbili za pembetatu, 4.93 na 3.83, sisi wa umeme tunaziandika 4.93 + j3.83, na mkishaziandika hivyo, mnajumlisha, mnazidisha na kugawa kama namba za kawaida, pembe inajitunza yenyewe. Waitaliano walikuwa wakihangaika na namba hizi tangu karne ya 16, na kwa miaka mingi zikaitwa namba za kidhahania, jina ambalo limewafukuza wanafunzi wengi. Aliyezifanya kuwa chombo cha kila siku cha mhandisi ni Charles Steinmetz, mwaka 1893. Sisi hutumia herufi j kwa kuwa i tumekwisha kuipa mkondo. Mwalimu wenu wa hisabati ataandika i, na msigombane naye.

Matriki zina sababu ya namna hiyo hiyo. Gustav Kirchhoff alipoandika sheria zake mbili mwaka 1845, kwamba mkondo unaoingia kwenye kiungo ndio unaotoka, na kwamba volti zikizunguka kitanzi hujumlika kuwa sifuri, alikuwa bado mwanafunzi wa miaka 21. Umri huo wengine humu wanao, au wanaukaribia. Sheria zenyewe anaweza kuzielewa mtoto, lakini saketi yenye vitanzi vitano inakupa milinganyo mitano yenye visivyojulikana vitano, na mtu anayeikabili kwa kubahatisha atazeekea hapo. Matriki, yaani namba zilizopangwa kwenye jedwali, ndiyo njia ya kuitatua yote kwa mpango. Kuhusu kalkulasi nitasema machache, kwa kuwa mtakaa nayo muda mrefu: kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme, inayojazwa kupitia kikinzani haijai kwa mwendo mmoja, kila inavyojaa ndivyo inavyopunguza kasi ya kujaa, na kila mnapokutana na kitu ambacho kasi yake inategemea pale kilipofika, mjue mlinganyo wa kalkulasi uko nyuma yake.

Vipeo vya pili, ambavyo mlivifanya skuli na kuvisahau, vinashikilia visiwa hivi. Umeme wa Unguja unatoka Ras Kiromoni, Tanzania Bara, unapita chini ya bahari na kuibuka Fumba kwa kilovolti 132. Kebo iliyozinduliwa mwaka 2013 imejengwa kubeba megawati 100. Kwa kuwa ni umeme wa fezi tatu, gawa kwa kipeuo cha pili cha 3 na kwa kilovolti 132, utaona kila fezi inabeba kama ampea 437. Mngetaka kupitisha megawati hizo hizo kwa kilovolti 11, mkondo ungekuwa mara 12, na upotevu kwenye waya wa unene ule ule ungekuwa mara 144. Wengi wenu mlikuwa wadogo mno kukumbuka kebo ya zamani ilipoharibika Desemba 2009, tukakaa gizani mpaka Machi 2010, jenereta zikiunguruma Darajani kutwa nzima na maji yakiuzwa kwa madumu kwa sababu pampu za mji nazo zinakula umeme. Waulizeni wazazi wenu waliokaa hapa mbele.

Sasa niseme juu ya udhaifu ninaouona, na nausema bila kumkusudia mtu. Kalkulasi haiwaangushi wengi. Kinachowaangusha ni kuihamisha fomula: mwanafunzi anapewa mlinganyo wa vikinzani vilivyofungwa sambamba, kila kimoja kwenye njia yake, anajumlisha moja juu ya 4 na moja juu ya 12, anapata theluthi moja, na kuandika kwamba jibu ni omu theluthi moja, akasahau kugeuza ili apate 3. Vikinzani viwili vilivyo sambamba lazima viwe na ukinzani mdogo kuliko kile kilicho kidogo, kwa hiyo jibu lolote lililo juu ya 4 lilikuwa la kukataliwa papo hapo. Lakini hata jibu lililo chini mno lilistahili kutiliwa shaka, kwa sababu kikinzani cha 12 hakiwezi kukipunguza cha 4 kiasi hicho. Kingine ni mikro na mili, ambavyo mtu huvibadilishana kama visawe, ilhali kimoja ni mara elfu ya mwenziwe. Na kingine ni kikokotoo. Ukitafuta sini ya digrii 30 kikakupa -0.988 badala ya 0.5, kikokotoo hakijaharibika, kimewekwa kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe, badala ya digrii. Nimesahihisha mitihani mizima iliyopotea kwa kitufe hicho kimoja.

Nina kazi moja kwenu, na mwalimu wenu wa maabara ameikubali. Kila mmoja achukue kipima volti cha kuchomeka kwenye soketi, vile vya maabara vyenye plagi, bila kufungua soketi wala kugusa waya wowote, apime volti chumbani kwake dakhalia au nyumbani, mara moja kabla na mara moja baada ya kuwasha birika la umeme kwenye soketi nyingine iliyo karibu. Asome wati zilizoandikwa chini ya birika. Birika la wati 2000 lina ukinzani wa omu 26.5 hivi. Ikiwa volti zimeshuka kutoka 231 hadi 226, mkondo ni ampea 8.5, na ukinzani wa njia nzima, kuanzia transfoma ya mtaani mpaka ukutani kwako, ni takriban omu 0.59. Pimeni asubuhi, halafu pimeni tena baada ya magharibi, na mniandikie kwa nini namba ya pili ya kila mmoja wenu haikulingana na ya kwanza. Aliyeko Pemba wikiendi hii apime huko huko, anakolishwa na kebo nyingine, ile itokayo Tanga.

Karatasi nitazikusanya Jumatatu, kwenye kipindi cha hisabati.